Kushika Boma na Kuliachilia: Habari za Kisenyi, 1914–1916

Ndugu wasomaji waliopita katika darasa la Kilatini wanakumbuka kitabu cha saba cha Kaisari juu ya vita vya Galia. Mwaka wa 52 kabla ya Kristu alizingira Gergovia, mji ulio juu ya kilima, akashindwa. Wakubwa wa askari 46 na askari karibu 700 walikufa siku moja. Basi akang'oa kambi, akaenda zake. Mwaka ule ule, huko Alesia, akamkamata Vercingetorix aliyemfukuza Gergovia. Warumi walijua sana kushika mahali: kila jioni ya safari ya vita walichimba handaki na kujenga ukuta wa udongo. Lakini asubuhi waliuacha bila machozi.

Sisi wa Goma hatuna haja ya kwenda Galia kutafuta mfano. Toka kwetu hadi Kisenyi ni mwendo wa miguu tu. Mpaka ule uliwekwa kwa mapatano ya Bruseli mwaka 1910, na kisiwa cha Idjwi kikawa cha Wabelgiji. Miaka minne baadaye vita vikaja. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka ziwa wakanyang'anya Idjwi, wakaishika hadi 1916.

Mkubwa wao alikuwa Kapteni Max Wintgens, aliyesimamia Rwanda kwa ajili ya serikali ya Kijerumani. Askari wake walikuwa wachache, hata hivyo alichagua mahali pazuri. Upande mmoja kuna ziwa, upande wa kaskazini kuna volkano, na katikati kuna vilima na mto Sebeya. Anayetoka Goma hana njia pana ya kupita. Wabelgiji walijaribu mara kwa mara, wakarudishwa. Karibu miezi ishirini Kisenyi haikuanguka.

Tena, kusema kweli, haikuanguka hata siku ile ilipopotea! Hilo ndilo tunalotaka msomaji aangalie. Jenerali Tombeur aliona kwamba mlango umefungwa vizuri, akaacha kuugonga. Mwezi wa Aprili 1916 Koloneli Molitor alizunguka mbali, akaingia Rwanda kwa upande wa Uganda. Koloneli Olsen, Mdenmark aliyetumikia Wabelgiji, alivuka kwa kusini, njia ya Shangugu. Tarehe 6 Mei Molitor akaingia Kigali. Siku chache baadaye watu wa Olsen wakafika Nyanza, kwa mwami Musinga. Ukuta wa Sebeya ulikuwa mzima bado, lakini nyuma yake hapakuwa tena na nchi ya kuleta chakula na risasi. Wintgens alielewa upesi. Mwezi ule ule wa Mei akaiacha Kisenyi kabla ya kuzingirwa, askari wake wakaondoka pamoja naye.

Wengine watamwita mwoga. Sisi hatukubali. Angekaa wiki mbili zaidi, angepoteza boma na jeshi pamoja. Aliendelea kupigana mwaka mzima, hata ugonjwa ukamshika na akajitoa kwa Wabelgiji Mei 1917. Jenerali Wahle naye alifanya vilevile Tabora: alitoka usiku, na Wabelgiji wakaingia mjini tarehe 19 Septemba 1916.

Lakini vitabu vya vita husifu wakubwa, navyo hunyamaza juu ya wengine. Askari anaweza kuachilia kilima, akapata kingine. Mkulima wa Bugoyi angeachilia nini? Shamba lake lilikuwa ndilo mstari wa vita. Miezi ile yote maboma yalikula, na waliokula hawakulima. Jeshi lilipoondoka, lingine likaja, nalo lina njaa. Tena kila askari aliyezunguka milima na Molitor au Olsen alikuwa na watu nyuma yake wanaobeba unga na risasi kichwani. Katika vita ile Kongo ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi walikufa njiani kwa baridi, kuhara na uchovu bila kupiga risasi hata moja. Kaisari alihesabu wakubwa wake 46. Ya wapagazi wake hakuandika.

Baada ya Wintgens kuondoka, Bugoyi ilipatwa na njaa kubwa, na wazee wa Rwanda waliipa jina: Rumanura.