MSIMU WA AMERICAN LE MANS 2008: AUDI ALIBEBA UBINGWA, ILA KADOGO KALIMTOA JASHO

Leo tuache mpira kidogo. Kuna mshkaji tulibishana naye hapa cafe mpaka jamaa wa kaunta akatuambia tupunguze sauti. Yeye alikuwa kafungua jedwali la mabingwa wa American Le Mans Series mwaka 2008, akaona Audi juu, akasema "umeona, Audi waliwafunika wote." Nikamwambia bana, hilo jedwali umelisoma vibaya. Naandika ili asome kwa nafasi yake, na nyie wengine mfaidi.

Kwanza ujue haya si mashindano kama Safari Rally, ambapo gari linakimbia peke yake na saa kwenye vumbi. Hapa magari yote yanaingia uwanjani pamoja, kila gari lina madereva wawili au watatu wanaopokezana, na ndani ya mbio moja kuna madaraja manne. LMP1 ni yale makubwa yenye nguvu, yametengenezwa kwa ajili ya mbio tu. LMP2 ni wadogo zao, wepesi zaidi lakini injini ndogo. Halafu GT1 na GT2, ambayo yanatokana na magari ya kawaida ya barabarani (kawaida ya matajiri lakini!), kina Corvette, Ferrari na Porsche 911. Kila daraja lina bingwa wake. Sasa hapo ndipo mshkaji wangu alipopotea: ubingwa wa LMP1 unaonyesha nani alishinda ndani ya LMP1 tu. Haukwambii nani alivuka mstari wa kwanza kabisa siku hiyo.

Mwaka 2008 Audi walikuwa na R10 TDI, gari la dizeli, injini ya lita 5.5 yenye silinda 12. Ndiyo, dizeli kama ya lori, na lilikuwa linakwenda ile mbaya. Porsche kupitia timu ya Penske walikuwa na RS Spyder la LMP2, petroli, lita 3.4, silinda 8. Kwa karatasi tu ungesema hakuna mechi.

Msimu ukafunguliwa mwezi Machi kwa Saa 12 za Sebring, Florida. Uwanja ule ulikuwa kiwanja cha ndege za kijeshi enzi za Vita vya Pili, na sehemu nyingine bado ni zege lenye mashimo na viungio, gari linarukaruka mpaka linalegea. Magari ya Audi yalikuwa yameshinda hapo kila mwaka toka 2000 hadi 2007, yaani mara nane mfululizo! Peugeot nao walileta dizeli lao la 908. Basi wakubwa wakapata matatizo ya kiufundi, mmoja baada ya mwingine, na kale kadogo kakawa kanakwenda tu. Timo Bernhard, Romain Dumas na Emmanuel Collard wakashinda mbio nzima na RS Spyder. Porsche hawakuwa wameshinda Sebring kwa miaka 20, mara ya mwisho ilikuwa 1988.

Na haikuwa bahati ya siku moja. Kwenye viwanja vifupi vyenye kona nyingi, wepesi unalipa kuliko nguvu. Pale Lime Rock, uwanja wa kama kilomita 2.4 tu, Scott Sharp na David Brabham walishinda mbio nzima na Acura, nalo la LMP2. (Acura ni Honda hiyo hiyo, jina la Marekani.) Kwa hiyo Audi walikuwa na pointi za daraja lao karibu za bure, maana LMP1 wapinzani wa maana wa msimu mzima hawakuwepo, ila heshima ilibidi waitafute kila wiki.

Sasa kipande changu ninachokipenda. Tarehe 4 Oktoba, Petit Le Mans, Road Atlanta, mbio za maili 1,000. Peugeot wamerudi. Allan McNish wa Audi anatoka kwenda kujipanga, mbio HAZIJAANZA, akateleza akagonga ukuta! Jamani. Mafundi wakalishona lile gari haraka haraka, likaanza mizunguko miwili nyuma. Mizunguko miwili si mchezo. McNish, Dindo Capello na Emanuele Pirro wakapunguza kidogo kidogo mchana kutwa, na mwisho McNish akashinda kwa kama sekunde 4.5 mbele ya Peugeot. Kama una muda wa kutafuta video moja tu ya msimu ule, tafuta hiyo.

Mabingwa: LMP1 Lucas Luhr na Marco Werner (Audi), LMP2 Bernhard na Dumas (Porsche), GT1 Johnny O'Connell na Jan Magnussen (Corvette, ambao nao walikuwa karibu wanakimbia wenyewe), GT2 Jörg Bergmeister na Wolf Henzler wa Flying Lizard, na Porsche 911. GT2 ndiko kulikuwa na vita ya kweli ya Ferrari na Porsche, siku nyingine nitaiandikia peke yake.

Baada ya hapo utamu ukapungua. Audi hawakurudi kwa msimu mzima 2009, na Penske wakaachana na RS Spyder. Mashindano yenyewe, yaliyoanzishwa na Don Panoz mwaka 1999, yaliisha 2013, na kuanzia 2014 yakaunganishwa na yale ya Grand-Am chini ya IMSA.

Mshkaji, soda yangu naisubiri. Fanta baridi.