Nani Aliyechonga Nyumba ya Gabrieli?

Hapa Kisangani, ukiuliza kanisa la kale utaelekezwa Mtakatifu Gabrieli, misheni iliyoanzishwa na padri Gabriel Grison mwaka 1897. Kanisa la Kulumbimbi la Mbanza Kongo, Angola, nalo hutajwa, ila habari zake zinaanza 1491, Zama za Kati zikielekea ukingoni. Anayetaka kuingia katika kanisa la zama hizo na kukuta watu wanasali afunge safari hadi Lalibela, Ethiopia, kwenye makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba. Huko pia yupo Gabrieli: Bete Gabriel-Rufael, unayoifikia kwa kivuko chembamba juu ya handaki refu.

Habari za mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, anayetajwa kuwa mwenye makanisa hayo, zinajulikana, sizirudii. Ninachokipinga ni dai kwamba kazi ile ilifanywa na Watempla, wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya. Dai hilo halina hati wala jiwe la kuliunga mkono.

Ushahidi unaostahili kujibiwa ni wa Francisco Álvares, padri Mreno aliyekaa Ethiopia kuanzia 1520 hadi 1526. Katika kitabu chake, kilichopigwa chapa Lisbon mwaka 1540, anasema aliambiwa kazi yote ilichukua miaka 24, na mafundi walikuwa Gibetas, neno alilolifasiri kuwa watu weupe. Lakini jina hilo lina asili moja na Kopti, yaani Mmisri. Isitoshe, Álvares alisimuliwa hayo karne tatu baada ya mfalme kufa. Namheshimu kwa aliyoyaona kwa macho yake. Katika hili alibeba ya kusikia.

Tuuulize mwamba wenyewe. Kuta za Bete Amanuel zimechongwa zikaiga tabaka za mbao na mawe, namna ile ile waliyojenga watu wa Aksum karne nyingi kabla. Fundi mgeni angeiga ya kwao. Sisi tunaowaona wavuvi Wagenia wakisimika miti yao katika miamba ya maporomoko hatuoni ajabu mtu kuujua mwamba wa kwao.

Bete Gabriel-Rufael ndiyo inayovuruga hesabu ya miaka 24. Mwanaakiolojia David Phillipson alitoa hoja kwamba ilianza kama ngome, huenda karne ya 7 au ya 8, ikageuzwa kanisa baadaye. Tarehe hizo bado zinabishaniwa, ila hoja yake ina uzito: jengo halikupangwa kuelekea mashariki, kama kanisa linavyotakiwa. Mwaka 2010 watafiti wa Kifaransa waliochunguza malundo ya kifusi nao walionyesha kuwa uchongaji ulipita awamu nyingi. Basi hapakuwa na kundi moja la wageni. Palikuwa na vizazi vya mafundi wa pale pale, na majina yao hatunayo.

Msomaji wa Kisangani, kama babu yako alijenga makanisa ya misheni, andika jina lake sasa.