Nani aliyepanga bei ya mchezaji?

Soko la wachezaji huru wa NBA hufunguliwa saa kumi na mbili jioni ya Juni 30, kwa saa za New York. Hapa Keumbu huwa ni saa saba usiku, kuamkia Julai mosi, saa ambayo mtu anayekwenda kuchuma chai alfajiri alipaswa awe amelala kitambo. Wapo wasiolala. Kukicha, kwenye kibanda cha kinyozi kando ya barabara ya Kisii kuelekea Keroka, mwenye mashine hana haraka ya kunyoa wala mteja hana haraka ya kunyolewa. Timu fulani imemwachia nyota wake aende zake. Nyingine imempa mchezaji wa miaka 34 pesa ambazo, kwa hesabu ya mzee aliyekalia benchi na gazeti lake, hazitarudi hata akifunga kutoka katikati ya uwanja kila usiku. Haupiti muda, mjadala unateremka kutoka Los Angeles hadi Uwanja wa Gusii: timu yetu ya soka, Shabana, inasajili nani, inamwacha nani, na hizo pesa zinatoka mfuko gani.

Hesabu za Marekani zinatia kizunguzungu. Julai 2025 Shai Gilgeous-Alexander, aliyekuwa ametoka kuipa Oklahoma City Thunder ubingwa, aliongezewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 285. Gawanya kwa minne, zidisha kwa shilingi 129 za dola moja, unapata zaidi ya shilingi bilioni 9 kwa mwaka. Mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Kaunti nzima ya Kisii kutoka Hazina Kuu ulikuwa takriban shilingi bilioni 8.9. Zahanati, barabara za vijijini, mishahara ya wauguzi, vyote humo. Basi mtu akisema pale kwa kinyozi kwamba dunia imepotoka, si rahisi kumbishia.

Lakini pesa hizo zina historia, na haikuanza kwa ukarimu wa matajiri.

Ligi iliyozaa NBA ilianza mwaka 1946, na msimu huo wa kwanza kila timu iliwekewa kikomo cha mishahara cha dola 55,000 kwa wachezaji wote kwa pamoja. Wengi walirudi kwenye kazi nyingine msimu ulipokwisha. Zaidi ya hapo, mchezaji alikuwa mali ya klabu. Mkataba ukiisha, klabu ilikuwa na haki ya kuurefusha, na yeye asiyetaka alikuwa na njia moja tu: aache mpira. Mshahara wa mtu asiyeweza kuondoka hupangwa na anayemzuia.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Boston, jioni ya Januari 14, 1964, siku ya mechi ya nyota. Mechi ilikuwa ionyeshwe na televisheni ya taifa, jambo ambalo ligi ilikuwa imelililia kwa muda mrefu. Wachezaji walijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo wakasema hawatoki. Hawakudai mamilioni. Walidai mpango wa pensheni na chama chao kitambuliwe. Humo ndani walikuwemo Bill Russell, Oscar Robertson, Jerry West na Elgin Baylor, majina ambayo leo huitwa kwa heshima kama ya mababu. Mmiliki wa Lakers alituma ujumbe mlangoni kuwatisha wachezaji wake, Baylor na West. Ujumbe huo uliwatia ukaidi zaidi. Dakika zikaenda, mafundi wa kamera wakisubiri, watu wamejaa ukumbini, hadi rais wa ligi, Walter Kennedy, alipoahidi kwamba pensheni ingeshughulikiwa. Ndipo wakatoka wakacheza.

Nimewahi kuwasimulia vijana wa hapa kisa hicho, na swali lao la kwanza huwa moja: je, kama wangefukuzwa wote? Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na ndiyo sababu huwa sipendi kusikia nyota wa leo wakiitwa walafi. Kuna watu waliotia riziki yao rehani kwanza.

Miaka sita baadaye Robertson, akiwa rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1976, na ile haki ya klabu kumfunga mchezaji ikaanza kulegea. Iliendelea kulegea pole pole, hadi mwaka 1988 Tom Chambers akahama Seattle kwenda Phoenix bila klabu yake ya zamani kuwa na uwezo wa kumzuia.

Katikati ya safari hiyo, mwaka 1983, pande mbili zilikubaliana jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau: wachezaji wapewe asilimia 53 ya mapato ya ligi, na kikomo cha mishahara kipangwe kufuatana na mapato hayo. Msimu wa 1984/85 kikomo kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu. Msimu wa 2025/26 kimefika milioni 154.6. Mchezaji wa leo hakuzidi kwa ubora mara 40. Aliyeongezeka ni mnunuzi wa matangazo: mikataba mipya ya televisheni ni ya dola bilioni 76 kwa miaka 11. Mwaka 2016 kikomo kiliruka kutoka milioni 70 hadi 94 kwa mkupuo mmoja kwa sababu hiyo hiyo, Golden State wakapata nafasi ya kumchukua Kevin Durant, na ligi nzima ikalalamika. Siku hizi mgao ni karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo mzee wangu wa gazeti akisema pesa hizo hazitarudi, jibu ni kwamba zilikwisha kuingia kabla hazijatoka.

Sasa turudi nyumbani, ambako mambo yalipita njia nyingine kabisa.

Mpira wa kikapu wa Kenya haukujengwa na wamiliki wala na televisheni. Ulijengwa na waajiri. Mamlaka ya Bandari kule Mombasa, jeshi lenye timu yake ya Ulinzi Warriors, benki za Nairobi: kijana mrefu mwenye mkono mzuri aliandikwa kazi, akafanya mazoezi jioni, akacheza wikendi. Usajili mkubwa wa enzi hizo ulikuwa barua ya ajira. Tusiubeze mfumo huo. Uliwapa watu pensheni na bima, vitu ambavyo Russell na wenzake walilazimika kujifungia chumbani kuvipata. Ni katika enzi hiyo Kenya iliandaa mashindano ya Afrika mwaka 1993 jijini Nairobi na kumaliza ya nne. Ila barua ya ajira haina bei ya sokoni. Mchezaji bora wa timu na wa mwisho benchini wangeweza kuwa wa daraja moja la mshahara, na kuhama klabu kulimaanisha kuacha kazi.

Kwenye soka, sisi wa Gusii tuliona ubaya wa kumtegemea mlipaji mmoja bila kwenda mbali. SoNy Sugar ya Awendo, jirani zetu, ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2006 ikibebwa na kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipoyumba, timu ikayumba nacho, na mwaka 2019 ikafukuzwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Bingwa mzima alikosa kufika uwanjani.

Shabana nayo ilizaliwa dukani. Mfanyabiashara Dogo Khan aliianzisha mjini Kisii mwaka 1980 na kuipa jina la duka lake la vifaa vya ujenzi. Ilishuka daraja mwaka huo huo wa 2006 ambao SoNy ilikuwa bingwa, na ikakaa chini miaka 17. Iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, mashabiki wake wa Tore Bobe walijaza uwanja kama watu waliotoka kifungoni, na tangu hapo kila dirisha la usajili ni sikukuu. Orodha za majina huzagaa kwenye simu, nusu yake uzushi mtupu.

Ndani ya ile miaka 17 pesa za nje zilikuja kwenye ligi na kuondoka. Watu wa televisheni ya SuperSport walijitoa mwaka 2017 kwa ugomvi juu ya ligi kupanuliwa kufikia timu 18. Kampuni ya kamari, BetKing, waliahidi shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano mwaka 2020, na mwaka uliofuata hawakuwepo. Unapangaje mshahara juu ya mapato ya namna hiyo?

Kikapu ndicho sasa kinajaribu kitu kipya. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tyler Ongwae alitupia mpira wa mwisho kengele ikilia, Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati ule, na kurudi kwenye mashindano ya bara kwa mara ya kwanza tangu 1993. Miaka minne baadaye Nairobi City Thunder, klabu inayoendeshwa kibiashara, ikiwa chini ya kocha Brad Ibs, ikawa ya kwanza kutoka Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, kule Kigali. Na hapo hapo mjadala wa NBA ukapata tafsiri yake ya Kikenya. Ligi hiyo huruhusu wageni wanne kwa timu, wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika. Je, mgeni aletwe kwa wiki chache alipwe donge nono, au pesa hizo zigawiwe waliopigana ligi nzima? Mimi nasimama na wa pili, ingawa najua kwamba bila mgeni mrefu chini ya goli utaumia.

Lakini mbele ya hilo kuna jambo dogo zaidi. Kwa kinyozi pale tunajua mshahara wa Stephen Curry hadi senti, dola milioni 59.6 msimu wa 2025/26. Hatujui hata mchezaji mmoja wa Shabana analipwa kiasi gani, wala kama amelipwa. Dirisha lijalo likifunguliwa, wenzangu wa Keumbu, kabla ya kuuliza nani anakuja, ulizeni kwanza kama waliocheza msimu uliopita wamemaliziwa pesa zao.