Tanzania: Kitulo, uwanda wa nyasi ugeukao bustani

Watalii wengi waingiapo Tanzania huelekea Serengeti, Ngorongoro au mlima Kilimanjaro. Wachache ndio wafikao Nyanda za Juu Kusini, iliko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo: uwanda wa nyasi ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu.

Hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 412.9 ilianzishwa mwaka 2005. Ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuundwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi ziotazo ardhini.

Okidi hizo ndizo zilizokuwa hatarini. Viazi vyake huliwa nchini Zambia, ambako huchanganywa na unga wa karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mahitaji yalipoongezeka, mamilioni ya viazi yalichimbwa kila mwaka kusini mwa Tanzania na kuvushwa mpaka. Aking'oa kiazi, mchimbaji huua mmea wote, na mbegu za okidi, ndogo kama vumbi, hazioti bila msaada wa kuvu maalumu wa udongoni. Hivyo uwanda uliokwisha kuchimbwa hauoti upya kwa haraka.

Faida ya kuulinda haiishii kwenye maua. Maji ya uwanda huo hulisha mto Ruaha Mkuu, unaoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Kutoka Mbeya, mgeni hufuata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Chimala, kisha hupanda mlima kwa njia iitwayo Hamsini na Saba, kutokana na idadi ya kona zake, mpaka Matamba. Maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ijapokuwa njia huwa na utelezi. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni rahisi zaidi kutembea. Kati ya Juni na Agosti baridi ni kali, na nguo nzito ni za lazima.

Kwa kuwa uwanda hauna simba wala tembo, mgeni hutembea kwa miguu, akiwatazama tandawala na mbayuwayu. Maua huachwa yalipo.