Fizikia Utaila? Historia ya Riziki Iliyo Chini ya Ardhi Yetu



Kijana akirudi Kabazi na digrii ya fizikia, watu hawamuulizi amesoma nini. Wanamuuliza, "Unafundisha wapi?" Akisema bado, mzee ananyamaza, na mama anakumbuka yale magunia ya mahindi yaliyouzwa kulipa karo. Huenda kijana huyo ni wewe. Basi keti, tuzungumze kabla ya adhana ya Magharibi.

Hiyo adhana yenyewe ina historia. Zamani misikiti mikubwa ilimwajiri muwaqqit, mtu wa kupima jua na nyota ili kupata nyakati za sala. Ibn al-Shatir alifanya kazi hiyo katika Msikiti wa Umawiyya, Damascus, na mwaka 1371 akatengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya msikiti huo. Elimu ya mbingu ilimpa mshahara, na wala hakuwa mwalimu wa darasani tu.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 6 Januari 1928 bonde hili la Subukia lilipigwa na tetemeko la nguvu ya 6.9 hivi. Ardhi ilipasuka kwa kilomita kama 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Ni kwa sababu Bonde la Ufa linaendelea kupanuka, na chini yake kuna moto. Moto huo ndio kazi ninayotaka uione.

Olkaria, kule Naivasha, walianza kuchimba mwaka 1956. Visima viwili vya kwanza havikufaa kitu. Kazi ikalala miaka mingi, ikaamshwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa umeme. Nani anajua pa kuchimba? Kisima kimoja ni gharama kubwa mno, huwezi kubahatisha. Hapo ndipo anaitwa mtu wa fizikia. Anapima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, manake maji moto yenye chumvi, na udongo uliobadilishwa na joto, hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwamba mkavu. Anasikiliza pia vitetemeko vidogo ambavyo wewe na mimi hatuvihisi: kuna mawimbi yasiyopita kwenye kitu kilichoyeyuka, kwa hiyo yakipotea njiani, anajua kuna nini kule chini. Menengai, pale juu ya mji wa Nakuru, uchimbaji ulianza 2011, na visima kadhaa vilipofika kilomita 2 hivi vilikuta mwamba ulioyeyuka kabisa! Mwaka 2023 mtambo wa megawati 35 ukaanza kazi hapo.

Zipo njia nyingine, kama kupima mionzi ya kutibu saratani hospitalini, lakini hii iko mlangoni petu.

Sikudanganyi, nafasi si nyingi na digrii peke yake haitoshi. Wakenya wengi wa kazi hii walisomea Iceland, kwenye mafunzo yaliyoanza 1979. Siku hizi Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, nacho kinafundisha jotoardhi. Hesabu hazitakusumbua. Kitakachokusumbua ni miamba, kwa hiyo kama bado uko chuoni, chukua somo la jiolojia muhula huu huu.