Mto Pangani: Makazi ya Ndege Adimu Kutoka Korogwe Hadi Baharini

Mto Pangani hukusanya maji ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupita wilayani Korogwe na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Maji hayo huendesha mitambo ya umeme ya Hale, iliyojengwa mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21, na husukumwa kwa mabomba hadi Handeni, wilaya iliyosumbuliwa na uhaba wa maji kwa miaka mingi. Mto huohuo hulisha ndege wengi wa majini, wakiwemo walio adimu duniani.

Wakati unaofaa kuwatazama ni kuanzia saa 10 jioni, joto linapopungua na ndege kutoka kutafuta chakula kabla ya giza. Kandokando ya mto huonekana furukombe, mdiria, fundichuma na yangeyange. Kwa upande wa Handeni, penye kutazamiwa ni malambo, hasa wakati wa kiangazi, maji yanapopungua na ndege kukusanyika mahali padogo.

Ndege wa kutafutwa kwa makini zaidi ni kulasitara wa Madagaska (Ardeola idae), aliyeorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Huzaliana Madagaska na visiwa vya jirani, kisha huja katika ardhioevu za Afrika Mashariki kati ya Mei na Oktoba. Ni rahisi kumchanganya na kulasitara mdogo wa kawaida. Hutambulikana kwa mdomo mnene na michirizi mipana ya kahawia kifuani.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili huwa ni zamu ya vitwitwi watokao Ulaya na Asia. Katika fukwe za Mkoa wa Tanga huweza kuonekana pia Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, mla kaa, ambaye hutaga yai lake ndani ya shimo la mchanga katika pwani za Uarabuni. Bahari inapojaa, ndege hao husogea pamoja kwenye mafungu ya mchanga yaliyosalia, hivyo safari ipangwe kwa kufuata maji kujaa na kupwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Matete yanapofyekwa kwa ajili ya kilimo, ndege hukosa mahali pa kutagia, na udongo hutiririka mtoni hadi kwenye mitambo ya maji na umeme. Kutoweka kwa ndege ukingoni ni dalili ya mapema ya hasara itakayowafikia wananchi.

Watazamaji wanashauriwa kufuatana na mwenyeji, kubeba darubini, kutosogelea viota na kujihadhari na mamba na viboko.