Malaika, Amina na Nguzo ya Raheli

Kila mwaka, pamba ikishauzwa na watu wakashika fedha kidogo mkononi, harusi huongezeka hapa Bariadi na katika vijiji vyetu vya Simiyu. Tukitoka kanisani tunakusanyika ukumbini au chini ya turubai, na kabla sherehe haijaenda mbali mpiga muziki huweka "Malaika". Wazee hutabasamu, kina mama huinuka, na hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya wimbo huo huuimba tangu mwanzo hadi mwisho. Tumeuimba hivyo muda mrefu bila kujiuliza swali moja dogo: kwa nini tunawaimbia maarusi wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa?

Maana habari ya wimbo ule ni hiyo. Kijana anampenda msichana, anamwita malaika, na angependa kumwoa, lakini hana mali. Umaskini ndio uliomshinda, na fedha ndizo zinazomsumbua rohoni. Wimbo unakwisha naye akiwa bado nje ya mlango.

Historia ya wimbo wenyewe ina mvutano. Aliyeurekodi ukajulikana Afrika Mashariki nzima ni Fadhili William wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine wamesema mtunzi wa kwanza ni Adam Salim wa huku Tanganyika, aliyeutunga miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake walimwoza kwa mtu mwenye uwezo zaidi. Wapo na watunzi wengine wanaotajwa. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani waliutoa katika sahani yao ya pamoja, na mwaka 1981 kundi la Boney M likauimba huko Ulaya. Dunia nzima ikajifunza kilio cha kijana asiye na mahari, na wengi waliouimba hawakujua hata mahari ni nini.

Sisi tunajua. Katika Usukuma mahari ni ng'ombe, na ng'ombe si zawadi tu. Ng'ombe waliotolewa kwa binti ndio waliomwezesha kaka yake naye kuoa, na waliziunganisha koo mbili mbele ya mashahidi. Halafu pamba ikaleta fedha. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana katika shirikisho la Victoria, kazi ambayo Paul Bomani alikuwa mbele kuiongoza, na katika miaka hiyo fedha nyingi ya pamba ilirudi nyumbani ikanunua ng'ombe. Aliyevuna vizuri alioa. Aliyekosa mvua, au aliyekuwa yatima asiye na baba wa kumtolea, alingoja. Kijana wa "Malaika" angeweza kabisa kuwa wa Ntuzu, wa Meatu au wa Maswa.

Tuweke kando ya wimbo huo shairi moja la Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Linaitwa "Amina", nalo ni maombolezo ya mke wake. Tunalo katika kitabu alichosimulia habari za maisha yake mwenyewe. Mwandishi huyu ndiye aliyemwandikia binti yake "Utenzi wa Hati" na mwanawe "Utenzi wa Adili", kwa hiyo tunasoma maneno ya mtu aliyeichukulia nyumba yake kama kazi kubwa ya maisha.

Katika shairi hili Amina amekwisha kufa. Mume anamfananisha na ua lililochanua kisha likafumba. Anakumbuka jinsi alivyoomba apone, na maradhi yakamchukua hata hivyo. Hamlaumu Mungu. Anasema huzuni yake haisemeki na kwamba hakubali kuwa mauti ndiyo mwisho. Kila ubeti unarudi kwenye neno lile lile: kwamba mapenzi waliyoyafunga wawili hao hakuna awezaye kuyafungua. Na mwishoni anatazamia siku ambayo mavumbi yataungana tena na roho kurudishwa.

Tukisoma kazi hizi mbili pamoja tunaona kwamba zinasimama pande mbili za mlango mmoja. Wimbo umejaa "-nge-". Upendo wake ni wa jambo ambalo lingekuwa, na kizuizi chake ni mali. Shairi limejaa "-li-". Upendo wake ni wa jambo lililofanyika, likaishiwa ndani yake, na kizuizi chake ni kaburi. Katika wimbo mpenzi hana kosa hata moja, ni malaika, kwa sababu kijana hajakaa naye nyumba moja hata siku moja. Katika shairi ana jina. Ni mtu aliyeugua, akauguzwa, akazikwa. Tena mwimbaji anajihurumia mwenyewe, wala hatumlaumu, kwa kuwa ameonewa. Mshairi yeye anamwombea mwingine. Amejaa majonzi, lakini anaona faraja kwamba mkewe amefika mahali ambapo taabu haimsumbui.

Je, Biblia iko upande gani? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba iko upande wa shairi, kwa kuwa shairi lina dua na tumaini la ufufuo. Tusikimbilie hapo. Yuko mtu mmoja katika kitabu cha Mwanzo aliyeuishi wimbo na shairi pia, naye ni Yakobo.

Yakobo alifika kwa Labani mikono mitupu. Yeye mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba aliuvuka Yordani akiwa na fimbo yake tu. Alimpenda Raheli na hakuwa na mahari. Hapo ndipo wimbo wetu unapoishia, lakini Yakobo aliendelea: alitoa mikono yake. Alitumika miaka 7, nayo ikawa machoni pake kama siku chache kwa jinsi alivyompenda. Labani akamdanganya, akampa Lea, na Yakobo akatumika miaka 7 mingine kwa ajili ya Raheli. Maandiko hayaudharau upendo wa kijana maskini. Yanauhesabu, mwaka kwa mwaka.

Lakini Maandiko hayamsifu Labani. Miaka ilipopita, Raheli na Lea walisema wao wenyewe kwamba baba yao aliwahesabu kuwa wageni, akawauza, akala fedha yao. Maneno hayo yamo katika Mwanzo 31, na ni mabinti wanaozungumza juu ya mahari yao. Hatukumbuki kuyasikia yakisomwa katika kikao cha posa.

Kisha Yakobo akaingia katika shairi. Wakiwa njiani kwenda Efrathi, ndiyo Bethlehemu, Raheli alifariki akimzaa Benyamini. Yakobo akamzika pale njiani, akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Miaka mingi baadaye, mzee na mgonjwa huko Misri, alipokuwa akizungumza na Yusufu kabla ya kuwabariki Efraimu na Manase, alimtaja tena Raheli na mahali alipomzika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mtu aliyetumika miaka 14 ili aingie mlangoni hakuacha kupenda alipobaki peke yake.

Hapa msomaji makini atatukumbusha jambo. Bwana Yesu aliwaambia Masadukayo kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi, na Paulo anafundisha kwamba mume akifa mke yu huru. Nadhiri tunazoweka madhabahuni nazo zinataja kifo kuwa mpaka. Basi Shaaban Robert, aliyekuwa Mwislamu na aliyeomba kwa imani yake, tusimfanye mwalimu wetu wa sheria ya ndoa. Kifungo cha sheria kifo hukifungua. Lakini kuna fundo jingine, la shukrani, la heshima na la wajibu kwa waliobaki, na hilo kifo hakina mamlaka nalo. Nguzo ya Raheli inashuhudia fundo hilo la pili.

Tumeandika haya kwa sababu jambo lenyewe liko katikati yetu. Injili ilifika mapema katika eneo letu: kule Nassa, ufukweni mwa ziwa katika Busega ya leo, misheni ya Africa Inland ilipokea kazi kutoka kwa Waanglikana wa CMS mwaka 1909. Ndoa ya kanisani iliikuta mahari imetangulia, na hata sasa ng'ombe hutangulia kengele. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Hata hivyo tunao katika sharika zetu vijana wanaoishi pamoja na watoto wamekwisha zaliwa, hawajafunga ndoa kwa sababu ng'ombe hawajatimia. Kanisa linawaweka chini ya nidhamu, hawaji mezani pa Bwana. Baba anayezuia baraka mpaka ng'ombe wa mwisho afike anakuja mezani, tena pengine amekaa benchi la mbele. Je, ni nani hapo anayestahili kuonywa kwanza?

Hatusemi mahari ifutwe. Yakobo alilipa kwa furaha, na wazazi waliomlea binti wanastahili kuheshimiwa. Tunasema mzee wa kanisa anayekaa katika kikao cha posa asikae kama Labani. Na kijana naye asiishie kwenye kilio. Mwenye upendo wa kweli hutoa alicho nacho, hata kama ni jasho tu, na kanisa linaweza kusimama naye kama mshenga.

Upande wa pili wa mlango nao una deni letu. Tunaimba vizuri sana katika mazishi. Lakini matanga yakishaanuliwa, ni mara ngapi mjane amebaki akigombania shamba alilolilima mwenyewe, huku ndugu wa marehemu wakihesabu ng'ombe zizini? Watu hao hao walicheza "Malaika" siku ya harusi yake. Kama mapenzi yaliyofungwa hayafunguliki, basi nyumba ya Amina haiwezi kuvunjwa na shemeji. Usharika unaotaka kumheshimu marehemu na uanze kwa kumlinda aliyemwacha.

Hatutaki wimbo huo uondolewe katika harusi zetu. Uimbwe. Tunapouimba tumkumbuke kijana aliye nje ya turubai ambaye mwaka huu pamba yake haikutosha, na tujue kwamba bwana harusi aliye mbele yetu amepewa kile ambacho mwimbaji alikikosa. Asikizoee haraka. Yule anayemwita malaika leo ataugua siku moja, atazeeka, atakuwa na jina tu kama Amina. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama fundo lilifungwa kweli.

Bwana atupe moyo wa Yakobo, aliyehesabu miaka 7 kuwa siku chache, na ambaye katika uzee wake alikuwa bado anakumbuka mahali pa nguzo.